Chanzo Hakijulikani: Umeme wa Vijijini, Maabara ya Mkemia Mkuu na Wajibu Wetu wa Kuuliza

Hotuba iliyotolewa kwa niaba ya wauguzi wa chama katika sherehe ya miaka 63 ya Uhuru, Toronto, Desemba 2024



Kamati ilipotuomba sisi wauguzi tuseme neno mwaka huu, wengi mlitegemea tuzungumze tena juu ya kisukari na shinikizo la damu. Leo chumvi na sukari tunaziacha zipumzike. Tunaomba kuzungumza juu ya serikali yetu ya nyumbani na namna ya kuiuliza maswali. Tutasema kama wauguzi, kwa yale tuliyoyaona, na hakuna chama cha siasa tulichokuja kukipigia debe.

Tuanze na kisa.

Miaka kama 20 iliyopita, kabla hatujaja huku kusoma shahada ya uuguzi, tulikuwa kazini katika zahanati moja ya Kanda ya Ziwa. Jina la kijiji tunaliacha, maana familia zote mbili zinazohusika bado zipo. Ulikuwa msimu wa kupulizia pamba. Jioni moja kijana wa miaka 25 hivi aliletwa kwa baiskeli, amefungwa khanga kiunoni asianguke. Alikuwa anatokwa na mate na jasho jingi, anatapika, anahema kwa shida, na tulipommulika machoni mboni zake zilikuwa ndogo kama kichwa cha pini. Aliyesomea kazi hii anaijua picha hiyo. Ni sumu ya dawa ya wadudu, ile ile inayopulizwa shambani. Dawa ya kuipinga ni atropini, na sisi tulikuwa na vichupa vichache tu. Kufika saa nne usiku vilikuwa vimekwisha. Kazi yote tuliifanya kwa koroboi na tochi iliyoshikwa na mama yake mzazi. Kabla ya alfajiri kijana akafariki.

Ili kuthibitisha kuwa ni sumu, damu yake na vilivyomo tumboni vilipaswa kuchukuliwa, kuhifadhiwa kwenye baridi, kukabidhiwa polisi na kupelekwa kwa Mkemia Mkuu wa Serikali. Zahanati ilikuwa na friji moja, ya gesi, kwa ajili ya chanjo. Vielelezo vya marehemu haviwekwi pamoja na chanjo za watoto. Polisi walikuwa makao makuu ya wilaya, na mvua ilikuwa imekata barabara. Walipofika siku ya tatu, maiti ilikuwa imeshazikwa. Kwenye fomu, mahali pa chanzo cha kifo, tuliandika: "Hakijulikani."

Tungeweza kuandika kwamba tunashuku sumu. Tuliogopa kuitwa mahakamani kutetea jambo ambalo hatukuwa na kipimo chake. Hilo tunalikiri mbele yenu, kwa sababu leo tunazungumza juu ya kuwajibika, na anayetaka wengine wawajibike aanze na fomu aliyoisaini mwenyewe.

Serikali iliposema haijui, wapo waliodai kuwa wao wanajua. Ndugu wa marehemu walikwenda kwa mpiga ramli, na kidole kikaelekea kwa bibi mmoja jirani. Bibi huyo ndiye aliyekuwa akituletea maziwa mgando kila Jumamosi. Kosa lake lilikuwa macho mekundu. Watoto, mkisikia hadithi za Usukumani mtasikia kwamba macho mekundu ya mwanamke mzee yalihesabiwa kuwa alama ya uchawi. Sisi wauguzi tulijua yametoka wapi. Bibi yule alikuwa amepika kwa zaidi ya miaka 40 ndani ya kijumba kisicho na dirisha, akichochea mafigani mabua ya pamba na mavi ya ng'ombe yaliyokauka. Moshi ndio uliomwekea alama ile.

Usiku mmoja mawe yalianza kutua juu ya paa lake. Mwenyekiti wa kitongoji, mtu mwenye busara, alimtoa kwa mlango wa nyuma na kumpandisha basi la alfajiri kwenda kwa binti yake. Alinusurika, lakini hakurudi tena, na shamba lake wakalima wengine. Wapo wazee wa Shinyanga, Mwanza na Tabora ambao hawakupata mwenyekiti wa namna ile, wakauawa kwa mapanga. Jambo hilo limeandikwa kwa miaka mingi katika magazeti na taarifa za haki za binadamu.

Tukilitazama kwa utulivu, bibi yule alifukuzwa kijijini na mambo mawili ambayo serikali ilipaswa kuyafikisha na haikuyafikisha. La kwanza ni nishati: taa zahanati, friji ya pili, na jiko lisilo na moshi nyumbani kwake. La pili ni maabara ya uchunguzi iliyo karibu kiasi cha kujibu, kabla ya mazishi, swali la kilichomuua kijana. Mambo haya yana wizara mbili tofauti na bajeti mbili tofauti, lakini yalikutana kwa mtu mmoja. Ndiyo maana leo tunayazungumza kwa pamoja.

Umeme umefika wapi?

Tuseme haki kwanza. Kazi kubwa imefanyika. Sheria ya Nishati Vijijini ilipitishwa mwaka 2005, na Wakala wa Nishati Vijijini, REA, ukaanza kazi mwaka 2007. Enzi hizo kijiji chenye umeme kilikuwa cha kutafutwa kwa tochi. Leo Serikali inasema karibu vijiji vyote 12,318 vya Tanzania Bara vimefikiwa. Gharama ya kuunganishiwa kijijini ni shilingi 27,000. Bwawa la Julius Nyerere kwenye Mto Rufiji, lililojengwa kuzalisha megawati 2,115, limeanza kutoa umeme mwaka huu. Aliyekulia kwenye koroboi hawezi kuyadharau haya.

Lakini neno "kufikiwa" linahitaji kuulizwa. Kijiji huhesabiwa kimefikiwa nguzo zikifika katikati yake, pengine shuleni na dukani. Kijiji kina vitongoji, na Tanzania Bara ina vitongoji zaidi ya 64,000, ambavyo mwaka 2024 karibu nusu vilikuwa bado havijafikiwa. Bibi yetu hakuwa anaishi katikati ya kijiji. Aliishi kitongojini.

Kisha kuna nguzo kupita karibu na nyumba, na kuna nyumba kuwaka taa. Utafiti wa mwaka 2019/20 uliofanywa na Ofisi ya Taifa ya Takwimu pamoja na REA ulionyesha kwamba asilimia 78.4 ya wananchi wa Bara waliishi mahali ambapo umeme umefika, lakini kaya zilizounganishwa zilikuwa asilimia 37.7. Namba zote mbili ni za kweli, na zote zimetoka serikalini. Kiongozi akisimama jukwaani atataja ile ya kwanza. Kazi yetu ni kuuliza ile ya pili imefika ngapi leo. Baada ya hapo tuulize juu ya zahanati: zenye umeme ni ngapi, na umeme ukikatika saa nane za usiku, mama akiwa kwenye kitanda cha kujifungulia, kinawaka nini?

Mtu atasema, "Ninyi mko Kanada, yanawahusu nini?" Tumjibu kwa risiti. Wengi humu ndani huwanunulia wazazi LUKU kwa simu. Siku nyingine msifute ule ujumbe, usomeni wote. Chini ya bei ya umeme kuna mstari wa REA, asilimia 3. Kila mama anaponunua umeme Mbagala, Moshi au Tunduru, sehemu ya fedha yake inakwenda kwenye Mfuko wa Nishati Vijijini, na kwa mama zetu wengi fedha hiyo imetoka Scarborough, Brampton na Mississauga. Mwenye gari nyumbani anachangia tena kupitia tozo ya mafuta. Aliyechanga ana haki ya kusomewa mahesabu. Hata kwenye harusi kamati husoma.

Jambo la kupikia limepata msukumo mpya. Mwezi Mei mwaka huu Rais Samia Suluhu Hassan alizindua Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia, wa 2024 hadi 2034, wenye lengo la asilimia 80 ya Watanzania kupikia nishati safi ifikapo 2034. Ni lengo zuri sana, na lina namba na mwaka. Ahadi yenye namba na mwaka ni zawadi kwa mwananchi, kwa kuwa inapimika. Kila Mei kuanzia sasa tunaweza kuuliza: tumefika asilimia ngapi, na je, mitungi iliyogawiwa kwa sherehe inajazwa tena ikiisha, au imegeuka viti vya jikoni?

Maabara iko wapi?

Ofisi ya Mkemia Mkuu ni ya zamani kuliko Uhuru wenyewe. Ilianza mwaka 1895, wakati wa Wajerumani, ikiwa maabara ya utafiti wa magonjwa ya nchi za joto. Mwaka 1999 ikawa wakala wa serikali, na sheria ya mwaka 2016 ikaifanya kuwa Mamlaka chini ya Wizara ya Afya. Makao yake makuu kwa miaka mingi yamekuwa Dar es Salaam, na sasa ina ofisi za kanda Mwanza, Arusha, Mbeya, Mtwara na Dodoma. Ndiyo inayopima sumu, dawa za kulevya na kemikali, na chini ya Sheria ya Vinasaba vya Binadamu ya mwaka 2009 ndiyo inayosimamia vipimo vya vinasaba, yaani DNA.

Watu wengi huikumbuka ofisi hii pale baba anapomkana mtoto. Kazi yake ni kubwa kuliko hapo. Mnakumbuka Agosti 10, 2019, lori la mafuta lilipolipuka Msamvu, Morogoro, na watu zaidi ya 100 wakapoteza maisha. Ndugu walisimama mbele ya miili isiyotambulika kwa sura. Saa kama hiyo hakuna kinachoweza kumrudishia mama mwanawe kwa jina lake isipokuwa vinasaba. Kuna pia kesi ambazo hazifiki magazetini: mtoto aliyefanyiwa ukatili wa kingono, binti aliyekutwa amekufa nyumbani kwa mume, mfanyakazi wa mgodini aliyepumua kemikali.

Sisi wauguzi ndio mara nyingi tunakuwa mkono wa kwanza kugusa ushahidi. Aliyeshambuliwa anakuja na PF3 kutoka polisi, au anakuja kwetu kabla ya polisi. Nguo zake zikiwa na unyevu zikatiwa kwenye mfuko wa plastiki, zinaota ukungu na vinasaba vinaharibika. Zinatakiwa zikauke na kuwekwa kwenye karatasi. Damu inataka baridi. Kila anayepokea kielelezo anatakiwa kuandika jina, tarehe na saa, kutoka kitandani kwa mgonjwa mpaka mezani kwa mkemia na kisha mbele ya hakimu. Mnyororo huo ukikatika mahali pamoja tu, wakili mzuri atauvunja wote. Sasa fikirini mnyororo huo unapitia zahanati isiyo na umeme, kituo cha polisi kisicho na friji, na basi la saa kumi na mbili asubuhi.

Aliyewahi kukaa kwenye benchi la mahakama nyumbani anayajua maneno haya: "Mheshimiwa, upelelezi haujakamilika." Kesi inaahirishwa siku 14, kisha nyingine 14. Pengine mshtakiwa ni mkosaji, pengine hana hatia na anaozea mahabusu. Pande zote mbili zinamsubiri mkemia. Maabara ya kanda yenye vifaa, wataalamu na kemikali za kupimia ni haki ya mlalamikaji, na ni haki ya mshtakiwa pia.

Kwa hiyo kuwa na bango la ofisi ya kanda hakutoshi, kama vile nguzo isivyotosha. Maswali ya kuuliza ni haya. Kanda hii inapima nini hapo hapo, na nini bado kinasafirishwa? Toka sampuli ipokelewe hadi jibu litoke ni siku ngapi kwa wastani? Vielelezo vinatoka wilayani kwa chombo gani, na nani analipa nauli? Bajeti iliyoidhinishwa na Bunge ni kiasi gani, na iliyotolewa kweli ni kiasi gani?

Hata hapa Ontario

Msidhani tunasema haya kwa kuwa tumekaa kwenye nchi isiyokosea. Watoto, hili ni lenu, maana ni historia ya mkoa mliozaliwa.

Kwa miaka mingi hapa Toronto daktari mmoja, Charles Smith, aliaminiwa kuwa bingwa wa kuchunguza vifo vya watoto. Alichosema mahakamani kilichukuliwa kuwa kweli. Huko Sault Ste. Marie, William Mullins-Johnson, mtu wa jamii ya wenyeji wa asili, alihukumiwa mwaka 1994 kwa kumuua mtoto wa kaka yake wa miaka 4. Alikaa gerezani miaka 12. Baadaye ikaonekana hapakuwa na mauaji yoyote, na tishu za uchunguzi zilizotafutwa kwa muda mrefu zilikutwa ofisini kwa daktari yule yule. Mahakama ya Rufani ilimwachia huru mwaka 2007. Kesi 45 za daktari huyo zilipopitiwa upya na wataalamu wengine, 20 zilikuwa na mashaka.

Hapa umeme upo, majokofu yapo, barabara zipo, na bado mtu asiye na hatia alikaa gerezani, kwa sababu kwa muda mrefu hakuna aliyemsimamia bingwa. Lakini tazameni kilichofuata. Ontario iliunda tume ya uchunguzi chini ya Jaji Stephen Goudge. Tume ilisikiliza watu hadharani, ikatoa ripoti Oktoba 2008, na mwaka uliofuata sheria ikabadilishwa, ikaundwa huduma rasmi ya patholojia ya uchunguzi wa vifo pamoja na baraza la kuisimamia. Wapo waliokuwa wamefungwa miaka mingi, na familia zao hazikuacha kuuliza. Mawakili waliuliza. Mwishowe serikali ikalazimika kujibu kwa maandishi.

Na umeme? Kaskazini ya mkoa huu huu zipo jamii za wenyeji wa asili ambazo kwa miongo mingi ziliishi kwa jenereta za dizeli. Jenereta ikizidiwa, nyumba mpya haiunganishwi. Jamii 24 ziliungana na kuwa wamiliki wakuu wa mradi wa njia ya umeme ya kilomita 1,800 hivi, ukaitwa Wataynikaneyap, jina lenye maana ya waya unaoleta nuru. Pikangikum iliwashwa Desemba 2018, na nyingine zikafuata. Kwa hiyo mtoto wetu akisikia darasani kwamba kukosa umeme ni mambo ya Afrika, ainue mkono na kuwasimulia wenzake habari za Pikangikum.

Na kuwajibika si kitu tulichokikuta huku. Mzee Ali Hassan Mwinyi alitutoka Februari 29 mwaka huu. Wengi mlimlilia kama Rais wa ruksa. Sisi tunamkumbuka kwa jambo la kabla ya hapo. Katikati ya miaka ya 1970 Serikali ilifanya operesheni Shinyanga na Mwanza kukomesha mauaji ya watu waliodhaniwa wachawi. Raia waliokamatwa waliteswa, na baadhi wakafia mikononi mwa vyombo vya dola. Mwinyi alikuwa Waziri wa Mambo ya Ndani. Hakuwa amempiga mtu wala kuagiza apigwe. Mwaka 1977 alijiuzulu, kwa kuwa waliotenda walikuwa chini ya wizara yake. Miaka 8 baadaye alikuwa Rais wa Jamhuri ya Muungano. Kujiuzulu hakukumshusha hadhi machoni pa Watanzania.

Sisi tufanye nini?

Tunajua mipaka yetu. Sheria ya Tanzania hairuhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili, na wengi wetu tumeshachukua pasipoti ya Kanada. Hatupigi kura nyumbani. Lakini tuna simu, tuna ndugu, na tuna muda wa kusoma tukiwa kwenye treni.

Kwanza, tusome kabla ya kulalamika. Kila mwaka, mwishoni mwa Machi, Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali humkabidhi Rais ripoti zake, na Aprili zinafikishwa bungeni. Ziko wazi mtandaoni. Bunge la bajeti linakaa Dodoma kuanzia Aprili hadi Juni, na maneno ya mawaziri yanaandikwa kwenye Taarifa Rasmi, yaani Hansard. Tunapendekeza chama kiwe na jioni moja kila Mei ya kusoma kurasa za nishati na za Mkemia Mkuu, na vijana watusaidie kupanga takwimu kwenye jedwali. Januari 27 na 28 mwakani viongozi wa Afrika watakutana Dar es Salaam juu ya mpango wa kuwafikishia umeme watu milioni 300 barani ifikapo 2030. Tuandike kila kitakachoahidiwa hapo, tukiweke kwenye jalada.

Pili, tuulize kupitia walio na haki ya kuuliza. Sheria ya Haki ya Kupata Habari ya mwaka 2016 inampa raia haki ya kuomba taarifa kwenye ofisi ya umma na kujibiwa ndani ya siku 30. Mkutano mkuu wa kijiji unapaswa kukaa kila miezi mitatu. Viongozi wa vijiji na vitongoji wametoka kuchaguliwa Novemba 27, katika uchaguzi uliokuwa na malalamiko mengi, na sasa ndio wanaoshika mihuri. Unapompigia shemeji Sengerema kumjulisha kwamba fedha imeingia, muulize pia: zahanati ina umeme? Mkutano wa mwisho ulikaa lini? Nenda kasimame, uliza, tena uliza kwa adabu, uandike jibu na tarehe.

Tatu, misaada yetu isiwape watu sababu ya kutokujibu. Hili nalo tulikiri. Miaka iliyopita sisi wenyewe tulichanga, tukanunua paneli za sola kwa zahanati moja. Picha zilipendeza, na mkazitoa kwenye jarida hili. Kabla ya miaka minne betri zikafa. Tulipouliza, halmashauri ikasema vifaa vile havimo kwenye vitabu vyake, na mganga aliyevipokea alikuwa amehamishwa. Tuliona haya. Tangu siku hiyo tumekubaliana kwamba msaada wowote utakabidhiwa kwa barua, uingizwe kwenye orodha ya mali za halmashauri, na kasma ya betri na fundi ionekane kwenye bajeti kabla hatujatoa dola moja. Zawadi isiyo na mwenyewe haidumu.

Nne, kwenu watoto. Mkifika miaka 18 mtapiga kura hapa. Mzoee kuuliza hapa, kwa mbunge wenu wa mkoa, juu ya hospitali zetu, na juu ya maji ya kunywa ya wenyeji wa asili ambao tunaishi juu ya ardhi yao. Mtoto anayejua kuuliza Ontario atajua kuuliza Dodoma siku atakapoenda na pasipoti yoyote aliyonayo.

Wazee wetu waliopandisha bendera usiku ule wa Desemba 1961 walitaja maadui watatu: ujinga, maradhi na umaskini. Katika kisa cha bibi wote watatu walikuwepo. Maradhi na umaskini tumezoea kuwapigia kelele. Ule ujinga tulioukuta pale haukuwa wa wanakijiji peke yao. Ulikuwa wa nchi iliyokosa njia ya kujua mtu wake amekufa kwa nini. Mwanakijiji asiyeelezwa sababu atajitafutia yake, na aliye dhaifu ndiye atakayeilipa.

Bibi tuliwahi kumtafuta. Mwaka mmoja tukiwa likizo tulifika hadi kwa binti yake. Tuliambiwa alishafariki, kwa uzee, na amezikwa huko huko, mbali na kwao. Binti alitupokea vizuri. Nyumba yake ilikuwa na umeme, balbu moja sebuleni na mita mpya ukutani. Jikoni, nje, bado alikuwa anapika kwa kuni. Alipoinama kuchochea moto atuandalie chai, alijifuta macho kwa ncha ya khanga, na tuliona yameanza kuwa mekundu.

Hilo ndilo swali tulilotoka nalo kwake, na ndilo tunalowaachia. Nguzo imefika kwa binti. Jiko je? Maabara je? Tuliulize kila Aprili, kwa namba na kwa heshima, mpaka lijibiwe.

Heri ya Uhuru. Watoto wamevumilia sana, keki ikatwe.